Mgeni na Mwenyeji: Snay bin Amir na Kuasisiwa kwa Mji wa Tabora

Karibu kila kitabu cha historia kinachoutaja mji wa Tabora kina maelezo yanayofanana. Inaelezwa kwamba mnamo mwaka 1852 wafanyabiashara wawili, Mwarabu wa Oman aliyeitwa Snay bin Amir na Mhindi wa Surat aliyeitwa Musa Mzuri, walihamia mahali palipojulikana kwa jina la Kaze katika nchi ya Unyanyembe. Kwamba mahali hapo palikuwa jangwa. Na kwamba wao wawili walijenga nyumba, wakachimba visima na kupageuza kuwa mji wenye watu wengi. Maelezo hayo yametembea kutoka kitabu hadi kitabu kwa zaidi ya karne moja na nusu. Chimbuko lake ni kitabu cha Mwingereza Richard Burton, kilichochapishwa London mwaka 1860 katika mabuku mawili, baada ya safari aliyoifanya pamoja na John Speke kutafuta maziwa ya bara.

Burton hakukishuhudia kitendo hicho cha kuasisi mji. Aliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani, yaani miaka mitano baadaye. Aliyempokea, akamtunza na kukaa naye barazani kwa wiki nyingi alikuwa Snay bin Amir mwenyewe, na Burton anakiri waziwazi kwamba sehemu kubwa ya habari zake za bara aliipata kwake. Kwa hiyo maelezo yanayomtaja Snay kuwa mwasisi wa mji hayana budi kusomwa kama maneno yaliyotoka katika baraza la Snay. Jambo hili halina maana kwamba maelezo hayo ni ya uongo. Maana yake ni kwamba yana upande, na upande huo unaonekana katika maneno yaliyochaguliwa.

Kiswahili kina neno linalofaa kuanzia uchunguzi huu, nalo ni *mwenyeji*. Asili yake ni *mwenye mji*. Neno hilo linabeba maana mbili kwa pamoja: mtu wa mahali, na mtu anayempokea mgeni. Kwa mujibu wa neno hilo, anayemkaribisha mgeni ni yule mwenye mji wake. Kwa Burton, Snay alikuwa mwenyeji wa daraja la juu kabisa. Swali linaloushughulisha mhadhara huu ni kama Snay alikuwa mwenyeji machoni pa watu wa Unyanyembe pia. Maana jawabu la swali hilo ndilo lililoamua jinsi maisha yake yalivyokwisha.

Kutoka Maskati

Snay bin Amir alikuwa wa kabila la Harthi, mojawapo ya makabila makubwa ya Oman yaliyokuwa na mizizi mirefu katika Afrika Mashariki. Alianza maisha Maskati kwa kazi ya kutengeneza vitu vitamu, na yeyote aijuaye Maskati atasikia hapo harufu ya halua. Burton anasema kwamba katika muda wa miaka 16 mtu huyo alipanda kutoka kwenye sufuria za sukari hadi kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe za ndovu na watumwa katika Afrika Mashariki. Jambo hilo la pili halifai kupitwa kimyakimya, kama lilivyopitwa na baadhi ya waandishi waliompenda Snay kwa ukarimu wake. Ghala zake za Kaze zilikuwa na nguo, shanga na pembe. Na ndani ya boma hilohilo walikuwamo wanadamu waliohesabiwa pamoja na mali hiyo.

Alikuwa msafiri kabla ya kuwa mtu wa mji. Mara tatu alikwenda na kurudi kati ya Unyamwezi na pwani. Aliivuka Tanganyika kwa mtumbwi, akafika Karagwe, na mwaka 1852 akafika katika makao ya Kabaka Suna wa Buganda, ambako alipokewa kwa heshima. Msomaji makini atatambua kwamba mwaka huo ndio uleule anaodaiwa kuiasisi Kaze. Mwasisi wa mji, kwa hesabu za mwandishi yuleyule, alikuwa mtu wa njiani. Baadaye afya ilimzuia kusafiri, akatulia Kaze akiwa wakala mkuu: aliwahifadhia wenzake bidhaa, aliwatafutia wapagazi, aliwapokelea pembe na kuwasuluhisha walipogombana.

Mwenzake, Musa Mzuri, alikuwa Khoja. Yeye na kaka yake walikuwa wameingia Unyamwezi kutafuta pembe tangu miaka ya 1820, na kaka huyo alifia bara. Kwa hiyo kwa umri wa kazi Musa alimtangulia Snay kwa mbali. Alikuwa na nguvu kubwa hasa upande wa kaskazini: Rumanika wa Karagwe alipopigania kiti na ndugu yake Rogero, ilikuwa mali ya Musa, pembe nyingi alizompelekea Suna, iliyomletea Rumanika msaada. Burton alipofika mara ya kwanza, Musa alikuwa huko Karagwe. Yamkini kama Burton angemkuta Musa nyumbani na Snay safarini, leo vitabu vingelitanguliza jina la Mhindi.

Kwa nini Kaze? Sababu ilikuwa ya kazi tupu. Msafara uliotoka pwani ulibebwa kwa sehemu kubwa na wapagazi wa Kinyamwezi, na walipofika Unyanyembe watu hao walikuwa wamefika kwao. Walitua mizigo, wakalipwa, wakaenda kulima. Mfanyabiashara aliyetaka kuendelea hadi Ujiji, au kugeukia kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, au kusini, alilazimika kungoja mpaka apate watu wengine. Kungoja huko kulidai ghala, na ghala lilidai mlinzi anayeaminika. Tena mali nyingi ilikuwa ya mkopo, kwani nguo na shanga zilitolewa Unguja na Wahindi wenye mitaji, na nyumba ya Jairam Shivji, iliyoshika forodha ya Sultani, ilikuwa juu ya mtandao huo. Bidhaa iliyoozea porini ilikuwa deni linalokua pwani. Snay alikuwa amelitambua hilo: aliyekaa mahali pamoja pale njia zilipogawanyika aliweza kupata kutoka kila msafara bila kuufuata hata mmoja.

Na biashara hiyo ilikuwa na msamiati wake ambao Kiswahili kiliusambaza toka Bagamoyo hadi Ujiji. Kitambaa cha pamba kutoka Marekani kiliitwa *merikani*, na cha buluu iliyoiva *kaniki*. Vilipimwa kwa *shuka* ya mikono minne na *doti* ya mikono minane. Pembe zilipimwa kwa *frasila*, karibu kilo 16, na mzigo wa mpagazi mmoja ulifika frasila mbili. Aliyeongoza msafara aliitwa *kirangozi*. Mnyamwezi aliyepita njia hiyo mara mbili tatu alikuwa amejifunza Kiswahili bila darasa, na mtu wa pwani alirudi kwao na maneno ya bara kinywani. Jambo hili litarejewa.

Jangwa lenye wenyewe

Neno *jangwa* linastahili kuulizwa. Yeyote aliyepita Unyamwezi anajua kwamba nchi ile ni ya miombo, si ya mchanga. Inaota mininga na mikora, na kila uwanda ulio wazi umewazishwa na jembe la mtu. Palipoitwa jangwa ni mahali pasipokuwa na nyumba za Waarabu. Au tuseme, kwa haki zaidi, ni shamba lililopumzishwa au pori la akiba katika nchi yenye mtemi, mipaka na sheria ya ardhi.

Hata nyumba za Kaze zinashuhudia. Snay na wenzake walijenga *tembe*, nyumba za mtindo wa bara: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo lililolazwa juu ya magogo, vyumba vikizunguka ua wa ndani. Walichokiongeza ni baraza ya mbele, mlango wa mbao uliochongwa kwa ladha ya Unguja, na bustani ya vitunguu, ndimu, mipapai na ngano kidogo. Lakini fundi wa pwani aliyezoea boriti za mikoko hakuwa na mikoko Unyanyembe. Mti upi haugusiki na mchwa, upi huoza mvua ya pili, upi hukatwa msimu gani, hayo yalikuwa maarifa ya Wanyamwezi, na bila hayo paa la udongo humwangukia mwenyewe kitandani. Nyumba ya mwasisi ilisimama juu ya mbao za mwenyeji na elimu ya mwenyeji.

Vilevile kuna suala la kitenzi. Inasemwa kwamba wafanyabiashara wawili "walijenga" na "walichimba". Kiswahili kina kauli ya kutendesha ambayo lugha nyingine za vitabu vya historia hazinayo kwa wepesi huo. Kwa Kiswahili sanifu watu hao *walijengesha* na *walichimbisha*. Mikono iliyokata mninga na kushuka kisimani ilikuwa ya watumwa na ya vibarua wa Kinyamwezi. Silabi moja inatosha kuwarudisha watu hao katika historia, na kuiacha ni uchaguzi, si ufupisho.

Tena Kaze haikuwa ya kwanza. Kabla yake Waarabu walikuwa na kituo Puge, kisha wakawa Kigandu, na kote huko waliondoka kwa sababu ya vita na siasa za watemi wa karibu. Upande wa magharibi palikuwa na Msene, mji uliopendwa zaidi na Waswahili wa Mrima, ambao hawakupenda kuishi chini ya macho ya Waomani wa Unyanyembe. Puge, Kigandu na Msene zote zilikuwa na wafanyabiashara wenye bidii na mtaji, na zote zilififia. Ikiwa bidii ya mfanyabiashara ndiyo iliyoasisi mji, hapana budi ielezwe kwa nini bidii hiyohiyo haikuasisi kitu Kigandu. Kilichoitofautisha Kaze ni kwamba ilikuwa katika nchi ya mtemi aliyeutaka ujirani huo na aliyekuwa na uwezo wa kuulinda. Jina lake ni Fundikira.

Fundikira aliijua biashara ile kutoka chini. Burton anasimulia kwamba kijana huyo alikuwa njiani kwenda pwani na msafara, akiwa mpagazi, aliposikia kuwa baba yake amefariki. Akatua mzigo wake papo hapo, akarudi nyumbani kutawala. Katika simulizi zote za njia ya misafara hakuna picha inayoeleza Unyamwezi wa wakati huo vizuri kuliko hii ya mtemi mwenye alama ya mzigo begani. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe pwani kwa misafara yao wenyewe; hawakungoja Mwarabu aje kuwaonyesha bahari iko wapi. Fundikira alipowaruhusu wageni kukaa Kaze bila kuwatoza ushuru wa bidhaa, alifanya hesabu ya mtu aliyewahi kubeba mzigo: bidhaa zikikaa kwake, watu wake watapata kazi mlangoni, na baruti na nguo zitapita mikononi mwake kwanza.

Idadi yenyewe inaonyesha ni nani aliyemtegemea nani. Burton anasema Waarabu wa Unyanyembe kwa kawaida hawakuzidi 25, na majira ya safari walibaki watatu au wanne tu. Watu 25, hata wakiwa na bunduki na watumwa, hawashiki nchi. Wanakaa kwa ridhaa.

Hongo

Ridhaa hiyo ilivunjika mwishoni mwa miaka ya 1850, Fundikira alipofariki. Aliyemrithi aliitwa Mnywa Sere. Mtemi mpya aliamua kwamba bidhaa zinazoingia nchini mwake zilipiwe ushuru, kama watawala wote wafanyavyo na kama Sultani wa Unguja mwenyewe alivyofanya katika forodha yake. Waarabu walikataa. Walidai kwamba msamaha wa Fundikira ulikuwa haki yao, wakatishia kumwondoa mtawala huyo na kumweka mwingine wa ukoo uleule, Mkasiwa. Mwaka 1860 walifanya hivyo. Mnywa Sere alikimbilia porini na wafuasi wake, akaifunga njia.

Hapa ndipo neno *hongo* linapohitaji kusikilizwa. Leo kila msomaji wa gazeti la Kiswahili anajua kwamba hongo ni rushwa, kitu cha aibu kinachopewa mkononi gizani. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya wazi yaliyotolewa na msafara kwa mtawala wa nchi ili upite, upate maji na chakula, na mali yake iwe salama. Ilijadiliwa mchana, mbele ya watu, kwa doti na shanga zilizohesabiwa. Kwa mtemi ilikuwa stahili ya mwenyeji, na kwa mfanyabiashara ilikuwa kero. Yaelekea kuporomoka kwa maana ya neno hilo kulifuata jicho la mlipaji: wenye kulalamika ndio waliokuwa na kalamu, na kamusi hufuata kalamu. Laiti Kiswahili cha vitabu kingelikuwa kimeandikwa Unyanyembe na Ugogo, pengine leo tungelipia hongo barabarani kwa stakabadhi.

Snay, aliyekuwa mzee na mgonjwa, hakubaki barazani. Mapema mwaka 1861 Speke alipita tena Kaze, safari hii bila Burton, akamkuta Snay anajiandaa kutoka vitani akiwa na watumwa wapatao 400 wenye bunduki. Kabla ya hapo, njiani, Speke alikuwa amekutana na Mnywa Sere mwenyewe, akayasikia malalamiko yake kwa kinywa chake: kwamba nchi ni yake kwa urithi, na kwamba wageni wamekula ndani yake bila kulipa kisha wakamfukuza. Speke alijaribu kuwapatanisha, asifanikiwe.

Vita vilimpeleka Snay mbali na Kaze, hadi Khoko katika nchi ya Ugogo, mahali ambapo misafara ilikuwa na ugomvi wa siku nyingi na mtawala wa huko juu ya hongo. Mwanzoni watu wake walishinda. Walipotawanyika kukusanya nyara, Wagogo waliwarudia. Kwa simulizi zilizomfikia Speke, mzee huyo hakuweza tena kukimbia. Aliuawa hapo pamoja na Waarabu wengine kadhaa, katika mwaka uleule wa 1861. Burton alikuwa ameandika juu yake, mwaka mmoja tu kabla, kuwa ni mtu wa busara kupita wenzake.

Busara hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo inayokifanya kisa chake kustahili kusomwa. Snay hakuwa mpumbavu wala mroho wa kawaida. Alikuwa msomaji wa Kiarabu, mwenye kumbukumbu kali, mwaminifu katika amana, na mkarimu kwa wageni wasiokuwa na kitu cha kumlipa. Miaka kumi ya kukaa Kaze ilimsahaulisha jambo moja tu. Alikuwa ameshakaribisha wageni wengi kiasi kwamba alijiona mwenyeji. Mtu ajionaye mwenye mji huuona ushuru wa mtemi kuwa unyang'anyi, na kumbadilisha mtemi huonekana kwake kama kubadilisha mlinzi wa mlango.

Musa Mzuri naye hakuuona mwisho wa mwaka huo. Speke alikuwa amemletea saa ya dhahabu, zawadi ya Serikali ya India kwa msaada alioutoa katika safari ya kwanza. Mzee huyo alikuwa amezama katika afyuni, na alifariki wakati Speke bado yuko Unyamwezi. Hivyo waasisi wawili wa vitabuni waliondoka katika mwaka mmoja. Mji haukufa.

Jina

Mji haukufa, lakini jina ambalo Burton na Speke walilitangaza ulimwenguni halikudumu. Henry Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 aliiulizia Kaze, akashangaa kwamba Waarabu wa mji hawakulitambua jina hilo kuwa ndilo la mji wao. Walisema Tabora, Kwihara, Kwikuru. Stanley aliliona jambo hilo kuwa kosa la waliomtangulia. Mwanaisimu ataliona kwa namna nyingine. Majina ya mahali katika bara hilo mara nyingi yalikuwa ya sehemu ndogo: boma la mtu fulani, kisima, kilima. Kaze ilikuwa jina la mahali pa tembe za Snay na majirani zake, na lilienea katika ramani za Ulaya kwa sababu mgeni aliyeandika alilala hapo. Mwenye baraza alipokwisha, jina la baraza halikuwa na wa kulibeba.

Tabora, kwa simulizi ya wenyeji, ni jina lililotokana na *matobolwa*, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula kikavu kinachobebeka safarini bila kuoza. Sauti za Kinyamwezi katika kinywa cha mtu wa pwani hupokezana kwa urahisi *l* na *r*. Etimolojia za namna hii ni vema zichukuliwe kwa tahadhari, maana kila mji una yake. Lakini ni ya kuzingatia kwamba watu waliulizwa asili ya mji wao wakataja viazi vya mpagazi na hawakumtaja tajiri yeyote.

Kwikuru ni wazi zaidi. Ni *kwa ikulu*, yaani penye makao ya mtemi. Na *ikulu* ni neno la Wanyamwezi na Wasukuma ambalo Kiswahili sanifu kilikuja kulichukua kuita makao ya mkuu wa nchi. Hili ni funzo la ajabu la msamiati. Njia ya misafara ililipa Kiswahili neno *hongo* likashuka hadi kuwa aibu, na ililipa neno *ikulu* likapanda hadi Dar es Salaam. Maneno yote mawili yalihusu mtu mmoja: mtemi mwenye nchi.

Baada ya Mnywa Sere kuuawa mwaka 1865, Mkasiwa aliendelea kutawala hadi 1876, akiwa na deni kwa waliomweka. Tippu Tip, katika tawasifu yake ambayo Heinrich Brode aliichapisha Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, anazisimulia siasa hizo kutoka ndani, kwa kuwa baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa amemwoa Karunde, binti ya Fundikira. Maelezo yake ya undugu huo yanafaa kulinganishwa na maelezo ya Burton. Burton anaona Waarabu na watu wa nchi; Tippu Tip anaona wakwe, mashemeji na wajomba. Baba yake Tippu Tip aliishi Unyanyembe akiwa mkwe wa ukoo wa utemi, na huo ni mlango mwingine kabisa wa kuingilia mjini, uliodumu kuliko bunduki za Snay. Mirambo wa Urambo aliitikisa njia nzima kuanzia 1871 hadi alipofariki mwaka 1884. Kisha akaja Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyekataa kuwa kibaraka wa yeyote. Januari 1893, boma lake lilipovamiwa na Wajerumani chini ya Tom von Prince, alijilipua kwa baruti yake badala ya kukamatwa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mizigo ikashuka mabegani.

Baraza ya lugha

Kuna upande mmoja wa Snay ambao wanahistoria wamekuwa wakiupitia haraka, na wanafunzi wa Kiswahili ndio wanaodaiwa kuurejesha. Katikati ya mwaka 1858 Speke alikwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa alilolipa jina la malkia wake. Burton alibaki Kaze. Siku hizo za kungoja alizitumia pamoja na Snay kukusanya msamiati: Kiswahili, Kizaramo, Kinyamwezi, na sampuli za lugha za falme za kaskazini. Snay alizijua lugha hizo kwa kazi, kwa masikio ya mtu ambaye kosa la neno moja lingemgharimu frasila kadhaa. Burton alileta kalamu na mpangilio. Maana, mipaka ya matumizi na tofauti za nchi hadi nchi zilitoka kwa mzee wa Maskati, ambaye naye alizipata kwa wapagazi, wake za nyumbani na watumwa wa uani, ambao hakuna aliyeyaandika majina yao.

Hayo yalifanyika miaka kumi na zaidi kabla ya mwongozo wa Kiswahili wa Edward Steere wa 1870, na karibu robo karne kabla ya kamusi ya Krapf ya 1882. Masimulizi ya kawaida ya uchunguzi wa Kiswahili huanzia misheni za pwani, Rabai na Unguja. Baraza ya Kaze inalazimisha tarehe nyingine na mahali pengine: kilomita mia kadhaa kutoka baharini, kati ya magunia ya shanga, Mwarabu anamfundisha Mwingereza maneno ya Wanyamwezi kwa kupitia Kiarabu na Kiswahili. Katika kazi hiyo Snay hakuwa mwenye mji wala hakudai kuwa hivyo. Alikuwa mkalimani, yaani mgeni aliyekaa muda mrefu kiasi cha kujua mwenyeji husemaje. Ni kwa sifa hiyo, kuliko ile ya kuasisi, kwamba jina lake lina haki ya kusomwa katika madarasa ya isimu.

Suala la mwenyeji wa Unyanyembe, kwa upande wake, liliendelea kupata majibu yake pasipo vitabu. Utawala wa watemi ulifutwa nchini Tanganyika mwaka 1963. Mtemi wa mwisho wa Unyanyembe kushika madaraka makubwa ya kitaifa alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Uhuru, na alifariki mwaka 2007. Aliitwa Abdallah Said Fundikira.